Siku Ulipokaa Mlangoni kwa Akina Achieng

Mwende wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Ayany kuwaaga wenzako wa kwaya, na ninavyokujua, hutarudi kabla jua halijashuka. Begi lako liko kitandani, limefura, zipu haijafungwa. Mimi nimekaa kwenye stuli hapa mlangoni, Laini Saba, na treni imepita sasa hivi ikatikisa vikombe kwenye rafu. Kesho asubuhi unapanda basi la Lodwar kwenda kuanza kazi ya ukarani mahakamani.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji wala kulala ndani ya neti. Hayo tumeyasema mpaka juzi ukaniambia, "Mami, si mimi ni mtu mzima?" Ndiyo, wewe ni mtu mzima. Ndiyo maana nataka kukuambia mambo ambayo nimekuficha. Mengine nimeyaficha miezi saba, moja nimelificha miaka kumi.

Naanza na lile unalolijua nusu.

Unakumbuka ile ploti ya Kawangware, vyumba kumi na vinane vya mabati vimezunguka mfereji mmoja wa maji ya kunywa. Nilikuwa keateka pale tangu ukiwa na miaka mitano, baada ya babako kufariki. Mzee Karanja, mwenye ploti, alinipa chumba cha kwanza karibu na geti bila kodi, na mimi nikawa macho yake. Nilifagia, nilisimamia maji, nilikusanya kodi. Na mtu akishindwa kulipa, nilipewa kufuli, nikaiweka juu ya mlango wake akiwa kazini. Akirudi anakuta kufuli mbili, yake na yangu. Haingii mpaka alipe.

Nimefunga milango mingi sana, mwanangu. Nilifunga wa mama aliyekuwa ameacha unga jikoni. Nilifunga wa kijana mmoja ambaye dawa zake za kifafa zilikuwa chini ya mto. Huyo nilimfungulia baada ya siku mbili, na nikajiona nina huruma. Nilikuwa nikijiambia mimi situpi mtu nje, anayetupa ni Karanja, mimi mkono wangu tu ndio unaotumwa. Na kusema kweli niliogopa. Kila nilipofunga mlango wa mtu niliuona wetu, chumba cha kwanza, nikajua kwamba siku nitakayokataa ndiyo siku tutakayolala nje mimi na wewe.

Halafu ikaja ile wiki mkiwa darasa la nane.

Baba Achieng alikuwa kibarua wa mjengo. Mjengo ulisimama, kazi ikakatika. Walikuwa wawili tu, yeye na binti yake, rafiki yako mliyekaa dawati moja. Mamake Achieng alifariki akimnyonyesha, huko kwao upande wa ziwa. Jumamosi asubuhi baba akiwa ametoka kutafuta kazi na Achieng yuko kanisani na wewe kwa mazoezi ya kwaya, nikaweka kufuli. Mtihani wenu ulikuwa Jumanne.

Aliporudi alinikuta mferejini. Alisimama kando na mikono nyuma, vile alivyokuwa na adabu.

"Mama Mwende, nifungulie tu kidogo. Nichukue uniform na vitabu na kadi yangu ya mtihani. Sitagusa kitu kingine."

Nikamwambia, "Mwambie babako aongee na mwenye nyumba."

"Baba amemwongelesha. Amekataa."

"Basi mimi sina la kufanya."

Funguo zilikuwa zimefungwa kwenye leso kiunoni mwangu, Mwende. Nikisogea zinalia. Nilisema sina la kufanya na sote wawili tunazisikia zikilia.

Usiku ule na uliofuata walilala kwenye jengo ambalo halijaisha, kule babake alikuwa anafanya kazi. Wewe uliniuliza wako wapi, nikakuambia wameenda kwa jamaa yao.

Jumatatu ulirudi kutoka shule mapema, mlikuwa mmeenda kuonyeshwa viti vya mtihani. Mimi nilikuwa bafuni, leso nimeiangika nje. Nilipotoka leso ilikuwepo lakini haikuwa na uzito. Nikakimbia na maji mwilini. Mlango wa akina Achieng ulikuwa wazi, na wewe umekaa kizingitini, miguu nje, mgongo ndani. Achieng alikuwa ameshaenda na begi lake.

Nilikuambia uondoke. Ulisema hapana.

Nikasema, "Mwende, nitafunga huu mlango."

Ukasema, "Funga. Lakini nifunge na mimi ndani. Halafu ulale vizuri."

Hukupiga kelele. Hukulia. Wapangaji wote walikuwa wametoka, wengine na sufuria mkononi. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, soksi moja imeshuka. Nilikutazama nikaona mtu ambaye simjui ameketi pale. Nilikuzaa, nilikulisha, nilijua kila kovu la magoti yako, na sikujua kama ndani yako kuna kitu kikubwa hivyo.

Unajua nilichofanya. Nilikupiga kofi mbele ya watu wote, nikakuvuta kwa mkono, nikafunga mlango. Halafu jioni Karanja akanisifu kwa simu, kwamba mimi ni mwanamke wa kazi. Wewe ulifanya mtihani wako, Achieng akafanya wake, na ulikaa mpaka shule zikafunguliwa mwaka uliofuata ukinijibu kwa ndiyo na hapana peke yake. Baba Achieng hakurudi tena kwenye ploti.

Sasa nakuambia kile usichokijua.

Baada ya mwezi Karanja alisema chumba kisafishwe kipate mtu mwingine. Kitanda na jiko alichukua yeye. Vilivyobaki aliniambia nitupe. Kulikuwa na kalenda kuukuu, ndoo iliyotoboka, na ukutani kulikuwa na picha moja iliyobandikwa kwa selotepu. Ilikuwa ya mwanamke kijana ameshika karai kichwani kwa mkono mmoja, anacheka mpaka macho yamefungika. Nilijua ni nani. Achieng alikuwa na shavu lile lile. Nilisimama mbele yake kitambo. Ningeweza kuikunja nikaiweka kwenye Biblia. Lakini nilikuwa na hasira na wewe, na aibu, na nilitaka yale mambo yaishe. Niliibandua, selotepu ikachana pembe moja, nikaitia kwenye gunia la taka pamoja na kalenda. Gari la taka likaja Alhamisi.

Hilo ndilo la miaka kumi.

La miezi saba ni hili. Wewe ulikuwa bado chuoni Machakos. Kukawa na tangazo kwa ofisi ya chifu kwamba kamati ya bunge inakuja kusikia maoni ya wananchi kuhusu mswada mpya. Mswada ulisema serikali iweke hazina ya kusaidia watu kabla hawajapoteza makao: mtu akikatikiwa na kazi ama akiugua, kuwe na ofisi ya kumshika mkono kwa kodi ya miezi michache, kuliko kungoja alale nje ndiyo aitwe maskini. Na ulisema hakuna atakayefungiwa mlango kabla jina lake halijapelekwa kwa ofisi hiyo.

Wenye ploti hawakuupenda. Karanja alituita sisi makeateka wake watatu, akatukodia gari mpaka kwa ukumbi. Alinifundisha la kusema. "Wewe unajua kuongea, Mama Mwende. Sema wapangaji wakisikia kuna hazina, wataacha kulipa. Sema umefanya hii kazi miaka mingi, unawajua."

Niliyakariri njiani. Na mimi mwenyewe niliona ni kweli.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Mbele kulikuwa na wabunge watano nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani, na karani wao, dada mmoja mwenye kilemba cha zambarau, aliyeandika kila kitu. Nilimwona akiandika nikafikiri ni mchezo tu. Niliwahi kuona watu wakubwa wakija huku kwetu, wakiandika, karatasi zikabaki kwenye viti.

Lakini watu walianza kusimama, Mwende. Sijui nikuelezeje. Nimeishi na watu hawa miaka yote, nimewabishia juu ya maji na takataka, na sikujua wanaweza kuongea hivyo. Mzee mmoja fundi wa viatu alisimama akasema amehamishwa mara tisa na anaweza kutaja siku ya juma ya kila mara. Akazitaja. Msichana wa rika lako alisema yeye alijifungua kwenye veranda, hakusema zaidi, akakaa. Mwenye ploti mmoja, mama mzee, naye alisema yeye hula kwa hivyo vyumba, hana kitu kingine, na kwamba siku anapomfungia mtu hali chakula. Ukumbi ulimpigia makofi hata yeye. Mwenyekiti wa kamati alivua miwani akaifuta. Hapo ndipo maneno niliyoyakariri yalianza kunipotea.

Nikaitwa. Nilimwona Karanja mstari wa tatu, ameweka mikono juu ya tumbo, ananitikisia kichwa nianze.

Nikasema jina langu na kazi yangu. Nikasema, "Nimetumwa niseme wapangaji wataacha kulipa." Watu wakacheka kidogo. Halafu mdomo wangu ukaenda njia nyingine. Nikasema, "Lakini mimi ndiye huweka kufuli. Mlango mmoja niliufunga mtoto wa darasa la nane akiwa na mtihani. Mtoto wangu mwenyewe aliiba funguo akafungua. Nikampiga. Yule mtoto alikuwa sawa, na mimi nilikuwa na makosa, na sijawahi kumwambia."

Nikasikia mtoto wa mtu akikohoa huko nje.

Mwenyekiti akauliza, "Mama, sasa wewe ungetaka sheria iseme nini?"

Mimi! Niliishia darasa la sita kule Kitui. Ananiuliza sheria ya nchi iseme nini, na kalamu ya yule dada imesimama hewani inaningoja mimi.

Nikasema, "Iseme mtu kama mimi awe na mahali pa kwenda kabla ya kufunga. Aseme, huyu ameshindwa, msaidieni. Kwa sababu keateka naye anaogopa. Na iseme hata mlango ukifungwa, mtu apewe vitu vyake vya lazima."

Nikakaa. Na hapo nyuma mwanamume akasimama, mrefu, nywele nyeupe pembeni. Sikumtambua mpaka alipofungua mdomo.

"Mimi ni Baba Achieng," akasema. "Huyu mama ndiye alinifungia. Na ndiye alilea yule mtoto alitufungulia. Mimi sijui nimchukie vipi nikimaliza kumshukuru." Halafu akawageukia wabunge. "Ameongea vitu vya lazima. Mtaandika dawa, mtaandika vitabu, sawa. Mimi kitanda sikukililia. Nilililia picha ya mke wangu. Ilikuwa moja tu. Andikeni hiyo pia."

Yule dada wa kilemba akaandika.

Tulipotoka nilimfuata mpaka chini ya ukuta, pale wauza miwa hukaa. Niliona nikienda nyumbani bila kumwambia sitalala tena. Nikamwambia, "Baba Achieng, ile picha ni mimi niliitupa. Si Karanja. Niliiona, nikajua ni nani, nikaitupa."

Alinigeukia. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimesimama tayari kabisa.

Akauliza, "Uliiangalia?"

"Niliiangalia."

"Alikuwa amebeba karai."

"Kichwani. Kwa mkono mmoja. Anacheka, macho yamefungika."

Akashika ukuta. Machozi yalimtoka bila sauti, mwanamume mzima, watu wakipita. Halafu akasema, "Achieng alikuwa ananyonya, hamkumbuki, na hata ile picha imeanza kumfutika. Nilidhani nimebaki peke yangu duniani ninayejua alivyocheka. Kumbe tuko wawili."

Hakusema amenisamehe na sikumwuliza. Alininunulia miwa, tukaila tumesimama. Nimetafuta neno la kuitia siku ile sijalipata. Nimewahi kuona Mlima Kenya asubuhi mawingu yakiwa yameutoka wote, na nilisikia hivyo hivyo, kwamba kitu kikubwa kimekuwa hapo kila siku na mimi nimeinama nafagia.

Karanja alinipa mwezi mmoja. Hakunitukana. Alisema tu, "Huwezi kukaa kwangu ukinianika mbele ya serikali." Wewe nilikuambia kwa simu kwamba nimechoka na ukeateka nataka kufanya biashara ya mitumba soko la Toi. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa na mitihani yako, na kwa sababu ukijua moja utataka kujua yote. Ndivyo nilivyofika Laini Saba. Miezi ya kwanza nikisikia hatua za keateka wa hapa zikija upande wangu, naacha ninachofanya nasikiliza mpaka zipite. Anaitwa Mutua, kijana mpole, hana neno. Lakini sasa najua hatua zangu zilivyosikika ndani ya vyumba kumi na saba kwa miaka yote ile.

Halafu mwezi uliopita yule dada wa kilemba alituma karatasi kwa ofisi ya chifu kule Kawangware, kwa wale wote waliozungumza. Ni mswada ulivyotoka kwa kamati baada ya kusikia watu. Chifu aliniita kwa jina lote, nikafikiri nimeshtakiwa. Nilisoma nimesimama, kidole chini ya maneno. Mengi sikuyaelewa. Lakini kuna kifungu kimoja kinasema kwamba kabla mlango haujafungwa, mwenye nyumba au mtu aliyetumwa naye atapeleka taarifa kwa ofisi ya msaada. Mtu aliyetumwa naye. Huyo ni mimi, Mwende. Na chini yake kinasema kwa vyovyote vile mpangaji ataruhusiwa kuchukua dawa, vitabu na sare za shule, vyeti, na picha za familia.

Picha za familia. Ndani ya mswada wa taifa, katikati ya maneno yote yale mazito ya mawakili. Niliuliza chifu kama ninasoma vizuri. Akavaa miwani akasoma akasema, "Ni hivyo, mama." Nilikaa kwenye benchi lake mpaka akanipa maji.

Wiki jana walipiga kura bungeni. Nilikuwa kibandani Toi, nimeanika sweta za watoto, na yule jirani anayeuza viatu ana redio. Spika akauliza wanaokubali waseme. Ikaja ile sauti, ndiyo moja iliyotoka kwa vinywa vingi, redio ikakwaruza. Nilishika mlingoti wa kibanda. Mteja wangu ameinua sweta nyekundu ananiuliza, "Hii ni ngapi? Mama? Ni ngapi?" na mimi siwezi kumjibu, nalia tu. Aliirudisha polepole akaenda kwa jirani.

Najua haijaisha. Bado Seneti, bado kutiwa sahihi, na hazina haijatolewa hata shilingi. Labda itachelewa, labda wataipunguza. Karanja bado ana kufuli zake. Lakini najua nilichokiona, na kilianza na msichana aliyekaa kizingitini na soksi moja chini.

Wewe sasa unaenda kukaa mahali ambapo mafaili ya watu wanaofukuzwa nyumba yatapita mikononi mwako. Sina la kukufundisha hapo. Ukiwa mdogo ulijua kuliko mimi, na mimi nimejifunza nikiwa na mvi. Nakuambia tu jinsi ilivyoanza kwangu, ili ukiiona uitambue: ilianza nilipojiambia kwamba mimi ni mkono tu.

Achieng ni mwalimu wa chekechea, Homa Bay. Ana mtoto wa kike. Babake alinipa nambari yake siku ile ya miwa, anataka sana kukusikia, na nimekaa nayo miezi saba kwa woga wangu. Nimeiweka pamoja na barua hii. Mpigie kabla hujanifikiria mimi.

Na sasa lile kofi. Sisi kwetu mzazi haombi mtoto msamaha, mama yangu hakuniomba na mamake hakumwomba. Nimejaribu kulisema tukiwa tunapika, tukiwa tunafua, neno linafika kooni linageuka kuwa "umekula?" Kwa hivyo naliandika. Nisamehe, Mwende. Ulikuwa sawa, nikakupiga kwa sababu ulikuwa sawa, mbele ya watu waliojua kwamba uko sawa.

Nasikia sauti yako kule chini kwa reli, unacheka na jirani yetu Mama Atieno. Naacha hapa. Barua naitia katikati ya nguo, utaikuta Lodwar.

Usinipigie kuniambia umenisamehe. Nipigie uniambie umefika.

Mamako